Usimeze Kidonge cha Wifi Yako

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalificha chini ya ushungi.

Nina shoga yangu hapa Unguja, mama wa watoto watatu. Tangu mdogo akiitwa msahaulifu: chungu kinaungua jikoni, ada ya skuli inapitwa na siku, kazi anaianza haimalizi. Wifi yake aliyeko Uingereza naye yuko vivyo hivyo. Alipopimwa akaambiwa ana ADHD, akaandikiwa methilifenideti. Alipokuja likizo akamgawia shoga yangu: "Meza, utatulia."

Hakutulia. Wiki ya tatu akawa halali. Saa nane za usiku anasukuma chapati, maneno hayamwishi, kakopa pesa za kikoba kanunua marobota mawili ya kanga. Watu wakasema kapandisha jini. Kumbe ana na baipola: vipindi vya furaha iliyopita kiasi, kisha huzuni nzito ya wiki nzima kitandani. Vilimpata zamani pia, ila hakumwambia mtu kwa aibu.

Maradhi haya mawili huweza kukaa kwa mtu mmoja, na hufanana: maneno mengi, kutotulia, kurukia mambo. Lakini ADHD huanza utotoni na ipo kila siku. Baipola huja na kuondoka kwa vipindi.

Msimamo wangu ni huu: kwanza hisia zitulizwe, kwa dawa kama lithiamu, ndipo daktari ashughulikie umakini. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017 uliwaangalia watu wazima 2,307 wenye baipola walioanza methilifenideti. Walioitumia bila dawa ya kutuliza hisia, hatari ya kupandwa na wazimu wa furaha iliongezeka zaidi ya mara sita ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Waliotumia zote mbili, haikuongezeka. Basi kidonge chenyewe si kibaya, ubaya ni kukimeza kabla ya zamu yake.

Na sisi wanawake tuna yetu. Valproeti, dawa nyengine ya kutuliza hisia, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwambie daktari mapema kama unataka kuzaa. Lithiamu hupimwa kwenye damu, na mwili ukikosa maji kiwango chake hupanda hadi kudhuru. Muone daktari kabla ya Ramadhani. Allah amemruhusu mgonjwa kula. Na usiache dawa ghafla eti kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo huenda imeletwa na dawa.

Wapo watakaosema dua inatosha. Mimi naomba dua kila sala, lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha pia kutafuta matibabu. Kumeza kidonge si upungufu wa imani.

Shoga yangu alianza lithiamu. Hali ilipokaa sawa kwa miezi kadhaa, ndipo daktari akamwongezea dawa ya umakini, kidogo kidogo, huku akimfuatilia. Kikoba kalipa. Chungu bado huungua mara moja moja, na sasa tunacheka pamoja.

Ukienda kwa daktari, mweleze yote, hata zile siku ulizojiona malkia. Allah awape shifa wagonjwa wetu. Amin.