Kivumishi cha Kiingereza Katika Darasa la Kiswahili

Tuna ugomvi na desturi moja iliyoota mizizi katika madarasa ya Kiswahili hapa Kampala, nayo ni kufundisha vivumishi vya sifa kwa kupitia sarufi ya Kiingereza. Neno "good" huandikwa ubaoni, mkabala wake "-zuri", kisha mtoto huachwa ahangaike na kile kistari.

Kiingereza kina njia yake, wala hatuibezi. Sifa hutangulia jina, na haibadiliki abadan: "good child", "good children". Zikiwa nyingi hupangwa kwa zamu: maoni ya msemaji kwanza, kisha ukubwa, umri, rangi, na mwisho kile kilichotumika kukitengeneza kitu. Utaratibu mzuri kwa wenyewe. Wamfaa nini anayetaka kusema "vitabu vizuri"?

Mtu huyo akiwa Mganda, ameingia darasani na elimu yake tayari. Kwao husema "ekitabo ekirungi", na vikiwa vingi, "ebitabo ebirungi". Jina mbele, sifa nyuma, ngeli imeyagusa yote mawili. Akilinganisha urefu husema "Musa muwanvu okusinga Yusufu". Nasi twasema Musa ni mrefu kumshinda Yusufu. Ya nini kumvusha bahari hadi London ili afike nyumba ya jirani? E. O. Ashton, aliyetoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1944, alishirikiana na E. M. K. Mulira na wenzao kutoa sarufi ya Kiganda mwaka 1954. Mgeni alizishughulikia lugha zote mbili. Sisi wenyeji twazitenga.

Tutaambiwa kwamba darasani wamo pia Waacholi, Walango na Walugbara, ambao lugha zao si za Kibantu. Ni kweli, na hatuna haki ya kuwafunza hao kwa Kiganda. Lakini Kiingereza nacho hakina ngeli! Wafundishwe Kiswahili kwa Kiswahili.

Hasara kubwa zaidi ni kumwaminisha mwanafunzi kwamba kila sifa ya Kiingereza ina kivumishi chake kwetu. Hutafuta "hungry", akaandika "mimi ni njaa". Kumbe mashina halisi ya vivumishi vyetu ni machache, na mengi ya maneno tuliyopokea kwa Waarabu, kama safi, hodari na ghali, hayachukui kiambishi. Kazi iliyobaki hufanywa na vitenzi na majina: nina njaa, nimechoka, bilauri imejaa, mtu mwenye busara, kiti cha mbao. Huu si upungufu wa lugha. Ndio ufundi wake.

Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Basi watungaji wa mitihani waache kudai tafsiri ya "a big red wooden box". Mtoto awekewe sanduku mezani, alieleze.