KAMPUNI IKIUZWA, AKIBA YA UZEE INABAKI KWA NANI?



Mwenzetu mmoja wa Buyenzi, fundi wa mashine, alikatwa mchango wa pensheni kila mwezi kwa miaka mingi. Kampuni ikapata mwenye mpya, naye akaendelea na kazi palepale, kwenye mashine ileile. Siku alipokwenda kudai haki yake akaambiwa kwamba miezi 14 haionekani. Tajiri wa zamani alikuwa amekwisha ondoka nchini, na tajiri mpya akajibu kwamba hayo si ya wakati wake. Kilichomsaidia ni karatasi za mshahara alizozitunza katika kopo la biskuti. Wangapi kati yetu wanazo?

Inapotangazwa kwamba kampuni imeuzwa, sisi huuliza nani atafukuzwa na kama mshahara utabaki uleule. Hayo ni maswali ya haki. Lakini la uzee tunalisahau, na wanaouziana hawatatukumbusha.

Tujue kwanza kwamba kuna kuuza hisa na kuna kuuza mali. Mwaka 2014 Econet ilipoinunua kampuni ya simu tuliyoijua mjini kwa jina la Leo, kilichonunuliwa ni kampuni yenyewe. Katika uuzaji wa namna hiyo mwajiri mbele ya sheria ni yuleyule, amebadilika mwenye hisa tu. Madeni yanabaki ndani ya kampuni, na deni la michango ni mojawapo. Hapo hakuna nafasi ya kusema "si ya wakati wangu".

Kuchukua mali ni jambo jingine. COTEBU, kiwanda cha nguo cha serikali, kilisimama katika miaka ya 2000, na baadaye Afritextile ikaja kutengeneza nguo mahali palepale. Njia hii huhamisha majengo na mashine, lakini kampuni ya zamani hufa peke yake, na anayeidai hana budi kumfuata mfilisi. Kanuni ya siku nyingi katika sheria za kazi zenye asili ya Ubelgiji na Ufaransa ni kwamba shughuli ikipita kwa mwajiri mwingine, mikataba ya kazi inaendelea. Ila kama kiwanda kilifungwa kwanza na watu wakaachishwa, hapana mkataba uliobaki wa kuendelezwa.

Pensheni ya INSS ina nguvu kwa kuwa fedha yake haimo mkononi mwa tajiri, na namba ya mfanyakazi ni yake popote aendapo. Hatari ni miezi isiyolipwa. Kwa kanuni iliyotumika muda mrefu, ya miaka 15 ya michango, upungufu wa miezi michache waweza kumtoa mtu kwenye pensheni ya kila mwezi na kumwachia malipo ya mara moja tu. Dhaifu zaidi ni pensheni ya nyongeza ambayo baadhi ya makampuni huwawekea watu wao kwa mashirika ya bima. Hiyo ni ahadi ya mwajiri, na ahadi isiyoandikwa katika mkataba wa pamoja mnunuzi huipitia juu.

Tutazame Kenya. Mwaka 2006 reli ilipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, pensheni za wazee zilitengwa katika mfuko wake, nao ukapewa nyumba na viwanja vya reli, Muthurwa ya Nairobi ikiwemo. Kwenye karatasi ilikuwa mali nyingi. Lakini mzee hali kiwanja! Mfuko ulipotaka kuwatoa wapangaji wa Muthurwa mwaka 2010, wakaenda mahakamani, na hukumu ikatoka mwaka 2013. Kampuni yenyewe ilikwisha kunyang'anywa reli mwaka 2017.

Sisi tunasema deni la michango lihesabiwe kabla ya sahihi kutiwa, na likatwe katika bei, liende moja kwa moja INSS. Wajumbe wa sendika waonyeshwe orodha ya michango, jina kwa jina. Na mfuko wa nyongeza upimwe siku ileile ya mauzo, kwa fedha na si kwa viwanja.

Fundi wa Buyenzi amerudishiwa miezi 11. Karatasi za miezi mitatu ziliharibiwa na mvua, na hiyo anaidai hadi leo.