AFYA YA NYUMBANI: Homa Isilale Siku ya Pili

Katika nyumba zetu homa ni mgeni wa mara kwa mara. Mtoto anaamka asubuhi, mwili unawaka moto, mama anampa kidonge kilichobaki sandukuni na kusema: "Itapita." Mara nyingi hupita kweli. Lakini sisi wa Beni na Butembo tumejifunza kwa machozi kwamba si kila homa hupita. Basi leo twataka kueleza lini yafaa kungoja, na lini kungoja ni hatari.

Kwanza, virusi ni nini? Ni kijidudu kidogo mno, hata darubini ya kawaida ya dispensari haikioni. Hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya chembe za mwili na kuzilazimisha kutengeneza virusi vingine vya namna yake. Dawa za antibiotiki huua bakteria, haziui virusi. Anayezinunua kwa ajili ya mafua anatupa fedha zake, tena anawazoeza bakteria kuzishinda. Mafua ya kawaida huondoka yenyewe: mgonjwa apumzike na anywe vya kutosha.

Homa ni jambo jingine. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa tifoidi, yaweza kuwa virusi vikali. Na macho ya mtu, hata ya mzee mwenye hekima, hayawezi kutenganisha magonjwa hayo. Damu ipimwe.

Tukumbuke yaliyotupata. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, kuanzia Mangina, karibu na Beni. Mwanzo wake ulifanana na malaria: homa, kichwa kuuma, uchovu, viungo kuuma. Wengi walizunguka kutoka dispensari moja hadi nyingine, na mahali pengine ugonjwa uliambukizwa humo humo walimotafuta uzima. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na zaidi ya 2,280 walikuwa wamekufa.

Kwa nini wengi walijificha? Tusiwacheke. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita na mauaji. Mwezi wa Desemba 2018 Beni na Butembo ziliondolewa katika uchaguzi wa rais kwa sababu ya ugonjwa na usalama, na wengi wakasema: "Ebola ni siasa." Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, mwezi wa Aprili mganga Richard Mouzoko, mwana wa Kamerun, aliuawa Butembo akiwa kazini. Uchungu wa watu ulikuwa na sababu zake. Lakini virusi havijui siasa. Viliingia katika nyumba ya aliyesadiki na ya asiyesadiki.

Na sasa habari njema, ambayo hatukuitangaza vya kutosha. Wakati ule ule, hapa hapa kwetu, dawa za Ebola zilijaribiwa, na mwezi wa Agosti 2019 ilijulikana kwamba mbili zinaokoa. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Katika wagonjwa waliofika damu yao ikiwa bado na virusi vichache, wakapewa mojawapo ya dawa hizo, alikufa karibu mmoja tu katika kumi. Waliofika virusi vikiwa vimejaa damuni, wengi walikufa hata kwa dawa hizo hizo. Na kila siku ya kungoja huviacha vizidi kuongezeka.

Tena, mtu wa Ebola haambukizi kabla ya dalili kuanza, ila huambukiza zaidi kadiri anavyozidi kuugua, na maiti yake ni hatari kuliko wote. Kwa hiyo anayewahi hospitali anajiokoa mwenyewe, anamwokoa na mama anayemwosha.

Basi tushike haya:

1. Homa yoyote ipimwe kabla ya saa 24 kupita. Mtoto mchanga apelekwe mara moja.

2. Mgonjwa asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, anayehema kwa shida, mwenye shingo ngumu, aliyelegea asiamke vizuri, au anayetoka damu, asingojeshwe hata usiku mmoja.

3. Mwambie mganga ukweli wote: nani aliugua nyumbani, ulihudhuria mazishi gani. Ebola yaweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kuonekana.

4. Ukishuku Ebola, usimguse mgonjwa wala maiti. Waite watu wa afya. Sala za mazishi hazikatazwi. Kuosha maiti kwa mikono mitupu ndiko kunakokatazwa.

5. Chanjo ikiletwa, pokea. Zaidi ya watu 300,000 waliipokea katika mlipuko ule.

Ugonjwa ulirudi Butembo mwaka 2021, na Beni mwaka 2021 na 2022, lakini wagonjwa walikuwa wachache.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi Wakristu twaongeza: aficha pia kifo cha jirani yake. Kumpenda jirani ni pamoja na kuamka leo, kumbeba mtoto mgongoni, na kwenda kupima damu.