Malizeni Moja Kwanza, Ndio Muanze Ingine

Wasee wa Iftin, na nyinyi wa ng'ambo ya Tana kule Madogo, leo tuongee ratiba ya ujenzi. Najua haina utamu wa mpira. Lakini hiyo ratiba ndiyo huamua kama dispensari ya mtaa wako itafunguliwa ama itabaki kuta bila paa.

Tupige hesabu. Tuseme wadi iko na miradi mitatu: darasa, tangi la maji na choo cha soko. Kila mmoja unataka milioni 6, na kila mwaka zinaingia milioni 6 tu. Ukianza yote pamoja, kila mradi unapata milioni 2 kwa mwaka. Miaka miwili inapita, hakuna hata mmoja umefunguliwa. Yote inaisha mwaka wa tatu.

Sasa ipange kwa foleni. Darasa linaisha mwaka wa kwanza, tangi wa pili, choo wa tatu. Wa mwisho amengoja miaka mitatu vilevile, hajapoteza kitu. Wale wawili wa mbele wamefaidika mapema. Pesa ni ile ile!

Na hapo sijahesabu hasara ya saiti iliyosimama: vyuma vinashika kutu, mvua inakula msingi, mlinzi anadai mshahara, bei ya simiti inapanda.

Halafu pesa si kitu pekee kilicho haba. Hata wakati ni haba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na mgao wa Hazina Kuu kwa kaunti mara nyingi huchelewa. Ukichelewa, kazi inakimbizwa miezi ya mwisho, na hapo ndipo mvua ya Gu iko. Ile ya Deyr inakuja Oktoba. Silanga ikichelewa kuchimbwa wiki mbili tu, mvua inapita na mifugo inangoja msimu mwingine. Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara ya Nairobi pale karibu na Madogo. Kama simiti yako ilikuwa bado haijavuka, fundi alikaa tu. Kwa hivyo kazi ya udongo iende Januari na Februari, na vifaa vifike kabla ya mawingu.

Najua mtaniambia, "Ukikubali kungoja, umesahaulika." Hiyo hofu naielewa, na iko na historia. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema pesa ziende kwanza pale zitazaa haraka. Kaskazini Mashariki tukaambiwa tungoje, na tukangoja miaka mingi. Ndio maana mtu anataka msingi uchimbwe bulla yake leo, hata kama hauna paa la kesho. Msingi kwake ni kama rehani.

Lakini dawa ya foleni mbaya ni foleni ya haki. Iandikwe, ibandikwe mahali kila mtu anaona, na sababu ya nani awe mbele isemwe wazi: wagonjwa wangapi, watoto wangapi, maji yako umbali gani. Na iwe marufuku kuanza mradi mpya kama wa zamani haujamalizwa na kulipwa. MCA akibadilika, orodha ibaki.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na makadirio yafike bungeni kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma, na vijana ni sisi hatuendi. Twendeni na maswali matatu: Ni mradi gani haujaisha? Kuumaliza ni pesa ngapi? Na ni upi tunausimamisha mpaka ule uishe?

Swali la tatu ndilo hakuna kiongozi anapenda. Uliza hilo kwanza.