Nani Amehesabu Samaki?

Siku hizi mutu akitaka kufunga mabishano anasema tu: «Sayansi imesema.» Basi, wote kimya. Sisi tunaosomesha sekondari hapa Lweba tunakataa kimya hicho. Mzee akisema jambo kwenye lubunga, anaulizwa: uliona mwenyewe, ao ulisikia? Hakuna anayeona ni matusi. Mbona profesa asiulizwe?

Tuchukue ziwa letu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba joto limepunguza chakula ndani ya Tanganyika, na kwamba mavuno ya samaki huenda yameshuka karibu asilimia 30. Maelezo yao ni haya: maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini. Mbolea inabaki kule chini, mimea midogo ya majini inapungua, na ndakala anakosa chakula. Lakini hawakuhesabu ndakala mumoja mumoja. Walipima joto na upepo, wakachunguza tope la chini ya ziwa, kisha wakakadiria.

Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake wakabisha: mavuno yanafuata zaidi namna watu wanavyovua. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakarudi kwenye tope, wakaonyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Mnaona? Wenyewe wanaulizana. Njo sayansi hiyo!

Kwa hiyo anayesema «ni maneno ya wazungu tu» ni mvivu sawasawa na yule anayeitikia kila kitu. Wote wawili hawajauliza.

Na jambo hili si mchezo. Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi 3 kuanzia 15 Mei 2024. Mvuvi anayeambiwa aanike nyavu ana haki ya kujua: mlipima nini, wapi, kwa muda gani? Akijibiwa vizuri, naye asikilize. Joto la dunia hatuwezi kulizima toka Lweba, lakini nyavu za matundu madogo ziko mikononi mwetu.

Tuanze basi. Kila asubuhi, pale mitumbwi inapofika, vijana wetu waandike kwenye daftari: mitumbwi mingapi, beseni ngapi za ndakala, mikeke mingapi. Asiye na hesabu yake atameza hesabu ya wengine.