Kazi ya Kikundi Si Kugawana Kurasa

Katika vyuo vikuu vyetu vya hapa Visiwani, ni desturi kwa walimu kuwapa wanafunzi kazi za vikundi. Lengo lake ni jema: vijana wazoee kutafuta habari kwa pamoja, kuzipima na kusahihishana, kwani hakuna mtumishi wa umma afanyaye kazi peke yake.

Lakini katika vikundi vingi mambo sivyo yalivyo. Kazi hupasuliwa vipande, kila mmoja akaenda na chake. Habari huokotwa katika simu, na ile inayotokea mwanzo ndiyo inayochukuliwa. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, mmoja huviunganisha vipande hivyo, na wengine huandikisha majina. Hapo kinachogawanywa ni kurasa, wala si elimu.

Tuchukue mfano wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na ambalo wakulima wake wengi ni wanawake. Kikundi kikiulizwa kwa nini mwani wa kotoni, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, umekuwa ukifa, simu itajibu kuwa bahari imezidi joto. Ni kweli, lakini haitoshi. Mama wa Paje au Jambiani ndiye ajuaye ni wakati gani mwani hugeuka mweupe na kukatika, na amejaribu nini kuuokoa. Takwimu za mavuno nazo zimo maofisini.

Basi mmoja na aende pwani, wa pili ofisini, wa tatu maktaba. Kisha wakae pamoja, kila mmoja aeleze alichokipata na alikokipata, na wenziwe wamhoji. Maneno ya mkulima na ya kitabu yakipingana, hapo ndipo elimu inapoanza.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Katika vyuo vya Kurani hakuna mtoto aliyesomewa na mwenziwe. Kila mmoja alisoma mwenyewe mbele ya mwalimu, na aliyetangulia akamfunza aliye nyuma. Walimu wa vyuo vikuu nao wanaweza kumwuliza kila mwanafunzi, kwa mdomo, juu ya sehemu aliyoifanya mwenziwe.

Maofisa wa Serikali nao wana wajibu wao. Kijana aliyekuja na barua ya chuo, akaambiwa "njoo kesho" mara tatu, atairudia simu yake, na lawama haitakuwa yake peke yake. Takwimu zisizo za siri ni mali ya wananchi, si mali ya mwenye ufunguo wa kabati.

Kijana huyo ndiye kesho atakayepanga mipango ya mashamba na bahari yetu. Akizoea habari za kuokota, atakayeumia ni mkulima na mvuvi. Elimu ni amana. Aliyeipata hana budi kumfikishia mwenziwe.