Mezani kwa khala, usiku jijini Seoul

Msomaji mpenzi, kabla sijaondoka niliahidi kwenye ukurasa huu kwamba nikirudi salama kutoka Korea Kusini nitakusimulia habari za chakula cha huko. Ahadi ni deni, na leo nalilipa. Ila nakuomba radhi mapema, kwa kuwa nilikwenda kuonja chakula nikarudi na jambo jingine limenikaa rohoni.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuhudhuria mahafali ya bintiangu. Vyuo vikuu vya huko hufanya mahafali mwezi wa Februari, wakati baridi bado ni kali kupita kiasi. Mimi mtoto wa Mombasa nilivaa makoti mawili na bado meno yakagongana. Usiku wa pili bintiangu akaniambia, "Baba, leo hatuli hotelini. Nataka ule ninachokula mimi."

Tulipanda gari moshi la chini kwa chini tukashuka mtaa wa Jongno, penye soko la Gwangjang. Soko hili lilianzishwa mwaka wa 1905. Mchana watu huenda kununua vitambaa, matandiko na nguo za kienyeji za Wakorea. Jioni, njia za katikati ya soko hujaa moshi na harufu ya mafuta. Wachuuzi, wengi wao akina mama wa makamo, hukaa katikati ya meza zao, na wateja huketi kwenye mabenchi kuwazunguka, bega kwa bega. Ukimaliza kula unainuka, mwenzio akae. Hakuna cha bwana wala cha mtwana. Mzee mwenye tai alikuwa ameketi karibu na kijana wa pikipiki, na wote wawili walipuliza mchuzi wa moto.

Tulianza na bindaetteok. Usiogope jina, msomaji, maana ukijua kilichomo utacheka: ni ndengu! Ndiyo, ndengu hizi hizi tunazokula kwa chapati. Huzirowesha, huziondoa maganda, kisha huzisaga kwa jiwe la kuzunguka papo hapo mbele yako. Uji ule mzito huchanganywa na miche ya ndengu iliyochipuka pamoja na kimchi, yaani kabeji iliyotiwa chumvi na pilipili ikaachwa ichachuke. Kisha humiminwa kwenye kikaango chenye mafuta tele mpaka kingo ziwe kavu na katikati pabaki laini. Unachovya kwenye sosi ya soya iliyotiwa vitunguu. Nilikula viwili na nusu, na ile nusu ilikuwa ya bintiangu.

Halafu ikaja tteokbokki. Mchele hupikwa kwa mvuke, hupondwa na kufinyangwa vijiti vinene kama kidole, kisha hutokoswa katika rojo jekundu la pilipili. Pilipili hiyo, gochujang, huchanganywa na mchele na soya ikaachwa ichachuke kwa miezi, ndiyo maana inawasha na papo hapo ina utamu. Zamani chakula hiki kilipikwa kwa sosi ya soya na kuliwa katika jumba la mfalme. Hiki chekundu cha barabarani husimuliwa kwamba kilianzishwa na mama mmoja, Ma Bok-rim, mwaka wa 1953. Alikuwa mkahawani, kipande chake cha mchele kikamwangukia kwenye sosi nyeusi ya tambi, akakila, akaona kitamu. Ndipo akaanza kuuza chake chenye pilipili mtaani Sindang-dong. Alifariki mwaka wa 2011, na mtaa ule hadi leo una mikahawa ya tteokbokki.

Angalia mwaka huo, msomaji. Ni mwaka ule ule vita vya Korea vilipositishwa, baada ya miaka mitatu ya mauaji. Seoul ilikuwa magofu, mchele ulikuwa haba, na unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani ndio uliokuwa ukipatikana. Maelfu ya wanawake walibaki wajane, au na waume wasio na kazi. Wakachukua sufuria na jiko, wakakaa kando ya njia. Vingi katika vyakula ambavyo leo wageni wanavipiga picha vilikuwa chakula cha dhiki, na watoto wengi walisomeshwa kwa fedha zilizonuka moshi.

Tulipotoka sokoni baridi ilitupiga usoni, nasi tukasimama kwenye mkokoteni mmoja uliofunikwa turubai. Hapo wanauza eomuk, samaki aliyesagwa na unga akatandazwa mwembamba kama chapati, akakunjwa na kutungwa kwenye kijiti, halafu akatoswa kwenye mchuzi unaofuka mvuke. Unakula mwenyewe, na mwisho vinahesabiwa vijiti ulivyobakisha ndipo unalipa. Mchuzi hutolewa bure, katika kikombe cha karatasi. Nilikishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Seoul vidole vyangu vikapata uhai. Kando yake walikuwepo wauza hotteok, andazi bapa lenye sukari, mdalasini na njugu ndani. Tahadhari, sukari ile huyeyuka ikawa moto kama lami. Ulimi wangu ni shahidi.

Nakuonya pia juu ya sundae, utumbo uliojazwa tambi na damu ya nguruwe. Hata ndengu zile wengine huzitia nyama ya nguruwe, kwa hivyo asiyekula aulize kwanza. Mwislamu akitaka kula bila wasiwasi aende Itaewon, palipo na msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka wa 1976. Mikahawa ya halali imeuzunguka.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Tulipokuwa pale sokoni, nilisikia kila mteja akitaka kuongezewa kitu anaita, "Imo!" Nikadhani ndilo jina la mama yule. Lakini meza ya pili pia wanaita Imo, na ya tatu. Nikamuuliza bintiangu.

"Imo ni dada ya mama," akanijibu. "Kama tunavyosema khala. Kila mama anayekupikia ni khala yako, hata kama hukumjua jana."

Akaendelea kunieleza kwamba haikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 1980, Seoul ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya 1988, wakubwa wa jiji waliona haya kwa ajili ya mikokoteni hii. Wachuuzi wengi walifukuzwa kwenye barabara kuu ili wageni wasiwaone. Leo wageni hao hao wanavuka bahari kuja kuwatafuta.

Nikanyamaza. Bintiangu akadhani pilipili imenizidi. Haikuwa pilipili.

Mimi, msomaji, nimesomeshwa kwa viazi vya karai. Mama yangu alikaa kila usiku kando ya njia pale Majengo, kandili mbele yake, karai motoni. Mimi nilikuwa nikimenya viazi na kusaga ukwaju. Siku moja, nikiwa darasa la saba, nilipita hapo na wenzangu watatu wa shule. Hawakujua ni mama yangu. Nilimsogelea, nikatoa thumni, nikasema, "Mama, nipe vya thumni," kama mteja yeyote. Alinitazama, akafunga viazi kwenye gazeti, akapokea thumni yake, akaniambia, "Karibu tena." Hatukulizungumza jambo hilo nyumbani. Si usiku ule, wala miaka yote iliyofuata.

Wakorea walimwita mgeni khala. Mimi khala wa watu alikuwa mama yangu mwenyewe, nami nikamfanya mgeni.

Pale pale kando ya mkokoteni nilitoa simu. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, maana Seoul imetutangulia kwa saa sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula ndengu zilizosagwa. Akataka kujua wanatia kitunguu au hawatii, na mafuta ni ya aina gani. Nilipomaliza kujibu nikamkumbusha siku ile ya thumni, nikamwomba radhi. Kimya kikawa kirefu hata nikadhani simu imekatika.

"Niliijua siku hiyo kuliko unavyoijua wewe," akasema. "Nililia nilipofika nyumbani. Kisha asubuhi nikaona ile thumni yako kwenye kifurushi, nikainunulia chumvi. Maisha yaliendelea. Nimekusamehe zamani, lakini nimefurahi umesema."

Halafu akacheka, akaniuliza kwa nini napoteza fedha za simu kutoka mbali hivyo.

Mzazi mwenzangu, huenda nawe una mtoto anayeona haya kupita mbele ya meza yako ya mboga, ya samaki au ya mahamri. Usimpige. Mwite akae karibu nawe usiku mmoja, mhesabu pamoja fedha ulizopata, umwonyeshe zipi ni za karo na zipi ni za unga. Haya nyingi za watoto hutokana na kutojua. Nawe kijana unayesoma ukurasa huu, ukipita kwa mama anayekupikia barabarani, mwamkie kabla hujauliza bei. Na kama mama huyo ndiye aliyekuzaa, mwamkie kwa sauti, wenzako wasikie.

Miche ya ndengu nimekwisha kuirowesha. Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, nitakueleza namna ya kupika bindaetteok kwa karai la nyumbani, bila nguruwe na bila jiwe la kusagia. Mama ameahidi kuja kuonja, na amesema ataleta ukwaju wake mwenyewe.